Bosi Anachelewa Kila Kikao: Namna ya Kuifanya Kazi Iende Bila Kumvunjia Heshima

Maswali ni yale yale kila mara. Kikao kimetangazwa saa 3:00 asubuhi, wajumbe wameketi, bosi anaingia saa 3:40 akiwa na simu sikioni. Tuanze bila yeye? Nani aanze? Nikithubutu kufungua kikao si nitaambiwa najifanya mkubwa? Mwongozo huu unawajibu wanaoulizwa na wenzao "tunaanza saa ngapi?" wakati jibu hawanalo: katibu wa kikao, ofisa mwandamizi, mkuu wa kitengo aliye chini ya mkurugenzi.

Kumbadilisha bosi tabia hakumo mikononi mwako, na anayejaribu huishia kugombana. Unachoweza ni kuupanga mkutano hivi kwamba dakika zake za kuchelewa zisiwe dakika za watu wote kukaa bure. Silaha kubwa ni moja: ruhusa ya kuanza, iliyoombwa mapema na kuwekwa kwenye maandishi. Hatua nyingine zote zinaandaa ruhusa hiyo au kuilinda.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo au jedwali la kompyuta, lako peke yako.
- Ajenda na mihtasari ya vikao 4 vilivyopita.
- Maelewano mazuri na katibu muhtasi wa bosi. Bila yeye hatua ya 3 haiwezekani.
- Mtu mmoja wa pili kwa cheo anayeweza kuongoza kikao kwa muda, na ambaye bosi anamwamini.
- Kama ni bodi, kamati au ushirika: katiba au kanuni zake, ukurasa unaotaja akidi (idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali) na nani anaongoza mwenyekiti asipokuwepo.
- Subira ya wiki 6 hivi. Usitarajie matokeo kikao cha kwanza.

Hatua ya 1: Andika, usihisi

Kwa vikao 6 mfululizo, andika mambo matano: saa iliyotangazwa, saa kikao kilipoanza kweli, saa bosi alipoingia, idadi ya waliokuwa wakisubiri, na alikotoka bosi. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote.

Kisha piga hesabu. Wajumbe 8 wakisubiri dakika 35, ofisi imepoteza dakika 280, yaani saa 4 na dakika 40 za kazi kwa kikao kimoja. Itunze namba hiyo. Utaihitaji mara moja tu, hatua ya 5.

Onyo: jedwali hili lisiingie kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, wala lisiachwe wazi kwenye kompyuta ya pamoja. Likisambaa, halitaitwa tena kumbukumbu. Litaitwa mashtaka, na wewe ndiye utakayeitwa kujieleza.

Hatua ya 2: Hakikisha kwanza kwamba kweli amechelewa

Usiiruke hatua hii. Simu na kompyuta zinaandika 10:00, sisi tunasema saa nne. Ukimwandikia mtu "kikao saa 2" bila kuongeza asubuhi au mchana, anayehesabu saa za Kizungu atakuja saa nane mchana. Ofisi zenye wageni, au bosi aliyesoma na kufanya kazi nje miaka mingi, hupata tatizo hili mara kwa mara, na watu humlaumu aliyekuja kwa wakati alioandikiwa.

Andika hivi kila mara: "saa 4:00 asubuhi, kwenye kalenda 10:00". Kama bosi ana safari nyingi, kagua pia majira ya saa kwenye kalenda yake. Mwaliko uliotengenezwa akiwa nje ya nchi unaweza kusogea saa moja au mbili bila mtu kugundua.

Baada ya hapo, soma jedwali lako utambue ni uchelewaji wa aina gani:

*Kikao kilichotangulia kimepitiliza muda wake.* Anatoka chumba kimoja kuingia kingine, na ratiba haikuacha nafasi ya kutembea, kwenda msalani wala kujibu simu. Dalili: huchelewa dakika 10 hadi 25, na asubuhi mapema huwahi.

*Foleni.* Huchelewa vikao vya asubuhi tu, na siku ya mvua zaidi. Dar es Salaam au Nairobi hili halihitaji maelezo.

*Ameitwa na mkubwa wake.* Serikalini hii ndiyo inayoongoza. Hana uwezo wa kukataa, na huwa hajui atatoka saa ngapi. Dalili: uchelewaji hauna mpangilio, leo dakika 5, kesho saa nzima.

*Hajajiandaa.* Jalada limefika mezani kwake asubuhi ile ile na bado anasoma. Dalili: yumo ofisini mwake, mlango umefungwa, na akiingia anauliza "hii inahusu nini?"

*Anaona ni haki yake kusubiriwa.* Ipo, lakini ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Usiifikie hukumu hii mpaka zile nne za juu ziwe zimeondolewa.

Hatua ya 3: Kaa na katibu muhtasi

Dakika 15 zinatosha. Nenda na maswali matatu: saa zipi za wiki hazivurugwi? Ni vikao gani vya nje hurudi kila wiki? Jalada likimfikia saa ngapi hulisoma?

Kwa majibu hayo sogeza kikao. Kanuni tunazotumia:

- Acha dakika 20 kati ya kikao chake kilichotangulia na chenu. Kama cha kwanza kinaisha saa 4:00, chenu kiwe 4:20.
- Kama tatizo ni foleni, usiweke kikao kabla ya saa 4:00 asubuhi.
- Epuka Ijumaa kuanzia saa 5:00 asubuhi. Bosi akichelewa nusu saa, kikao kinaingia kwenye swala ya Ijumaa na nusu ya wajumbe wanaondoka, tena kwa haki.
- Mwezi wa Ramadhani weka vikao asubuhi. Kikao cha saa 8:00 mchana kikichelewa saa moja, aliyefunga anaweza kukosa muda wa kufika nyumbani kufuturu.
- Kama hajajiandaa, karatasi zimfikie saa 24 kabla, ukurasa mmoja, na jambo la kuamua liwe mstari wa kwanza.

Mara nyingi hatua hii peke yake huondoa nusu ya tatizo, nawe hujamwambia bosi neno lolote.

Onyo kubwa: usimdanganye saa. Kuna wanaomtangazia bosi saa 3:30 na wajumbe saa 4:00. Siku atakapowahi atakuta viti vitupu, na kuanzia hapo hataamini mwaliko wowote kutoka kwako.

Hatua ya 4: Ikate ajenda vipande viwili

Chukua ajenda za vikao 4 vilivyopita. Kila kipengele kiulize: kinahitaji uamuzi wa bosi, au kinahitaji tu asikie? Utashangaa. Yatokanayo (mrejesho wa majukumu yaliyogawiwa kikao kilichopita), taarifa za vitengo na ugawaji wa majukumu kwa kawaida havihitaji uamuzi wake. Vinavyomhitaji ni fedha, watu, na mambo yanayotoka nje kwa saini yake.

Kikao cha dakika 60 kinachotangazwa saa 4:00 asubuhi kipange hivi:

- 4:05 hadi 4:20: yatokanayo. Kila mwenye jukumu ana dakika 2: limekamilika, halijakamilika, limekwama wapi.
- 4:20 hadi 4:30: taarifa za vitengo, zile tu zilizokwisha kusambazwa kwa maandishi.
- 4:30 hadi 4:50: mambo ya uamuzi wa bosi. Mawili, yasizidi.
- 4:50 hadi 5:00: mengineyo na kugawa majukumu.

Zipo namna mbili za kuharibu mpango huu. Ya kwanza ni kuweka mambo ya uamuzi mwisho kabisa: bosi akichelewa dakika 45 anakuta watu wanafunga madaftari, uamuzi unaahirishwa, na wiki ijayo hali ni ile ile. Dakika ya 30 ni mahali pazuri, kwa sababu nyuma yake bado kuna nafasi ya kusogea. Ya pili ni mbaya zaidi: kujadili jambo lenye mvutano, hasa la fedha au la mtumishi fulani, kabla bosi hajaingia. Hata mkiwa na nia njema, akiingia katikati ataona mmekula njama.

Chai nayo ina mahali pake. Ikiletwa kabla ya kuanza, kikao hakianzi. Watu husimama makundi makundi wakisubiri "bosi aje tunywe wote". Iletwe saa 4:30, vikombe vikipita wakati wa kubadili ajenda.

Hatua ya 5: Omba ruhusa ya kuanza

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa huwa kwenye maneno.

Mwende faragha, siku ambayo hakuchelewa au siku isiyo na kikao kabisa. Usimfuate dakika alipoingia amechelewa, wala mbele ya wageni. Kama ni mtu wa kumpa shikamoo, mpe kwanza. Kisha sema jambo moja tu:

"Mkuu, naomba dakika mbili kuhusu kikao cha Jumatatu. Naona ratiba yako ya asubuhi inabana sana. Naomba ridhaa yako tuwe tunaanza na yatokanayo saa 4:05, ili utakapoingia tuwe tumebakiza yale yanayohitaji uamuzi wako tu. Mkuu wa Mipango aongoze mpaka utakapofika."

Angalia yaliyomo: kuna saa, kuna ajenda, kuna jina la cheo cha atakayeongoza. Angalia yasiyomo: neno "unachelewa", neno "watu wanalalamika", na jedwali lako. "Watu wanalalamika" lina sumu ya pekee, maana swali linalofuata ni "nani?", na huna jibu zuri.

Akikubali, usiishie kwenye kichwa kutikiswa. Ndani ya siku hiyo hiyo mwandikie, kwa barua pepe au ujumbe, kulingana na mnavyowasiliana:

"Mkuu, asante kwa muda wako. Kama tulivyokubaliana, kuanzia Jumatatu ijayo Mkuu wa Mipango ataongoza yatokanayo na taarifa za vitengo kuanzia saa 4:05 asubuhi. Mambo ya uamuzi wako yataanza saa 4:30."

Bila ujumbe huu, siku atakapoingia amekasirika huna pa kusimama.

Akikataa, akisema "nisubirini", mweleze ile namba ya hatua ya 1, kwa upole na bila karatasi mkononi: "Sawa mkuu. Vikao sita vilivyopita tumesubiri wastani wa dakika 35, wajumbe nane." Kisha omba kitu kidogo zaidi: wajumbe wabaki mezani mwao wakifanya kazi, na katibu muhtasi awapigie simu bosi akianza kushuka. Hili huafikiwa kwa urahisi, na kwenye jengo moja linafanya kazi vizuri: watu wote wamo chumbani ndani ya dakika 5. Kwa wajumbe wanaotoka matawi mengine halifai.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

1. Siku moja kabla: tuma ajenda yenye saa pembeni ya kila kipengele, na ukurasa mmoja wa mambo ya uamuzi.
2. Dakika 15 kabla: mpigie katibu muhtasi, si bosi. Uliza "mkuu yupo wapi?" badala ya "anakuja?" Jibu la swali la pili ni "anakuja" siku zote.
3. Saa 4:05: anzeni. Msingoje dakika nyingine tano "kwa heshima". Mkisogea leo, kesho wajumbe nao watafika 4:10.
4. Kiti cha bosi kibaki wazi, mahali pake pa kawaida. Anayeongoza kwa muda asikikalie. Ni jambo dogo lenye uzito mkubwa.
5. Akiingia, mpeni nafasi ya kusalimia. Akizunguka kupeana mikono ni dakika mbili tatu, ziache zipite.
6. Kisha anayeongoza amkabidhi kikao kwa sentensi tatu: "Mkuu, karibu. Tumemaliza yatokanayo, majukumu sita yamekamilika, mawili yamekwama. Sasa tupo kwenye ununuzi wa jenereta, unahitajika uamuzi kati ya wazabuni wawili." Msirudie kikao chote kwa ajili yake. Mkirudia, waliowahi wanaadhibiwa mara ya pili.
7. Ikifika 4:35 hajaingia wala habari hazipo, ruka kwenye mengineyo na ugawaji wa majukumu, funga, na yale mawili ya uamuzi yaandikie dokezo, yaani maelezo mafupi ya kumwomba bosi aamue kwa maandishi.

Hatua ya 7: Muhtasari

Andika saa ya kufungua na saa ya kila mtu kujiunga, kwa lugha tulivu: "Kikao kilifunguliwa saa 4:05 asubuhi na Mkuu wa Mipango kwa niaba ya Mkurugenzi. Mkurugenzi alijiunga saa 4:28 asubuhi." Neno "alichelewa" lisionekane popote. Saa zinatosha, na mtu anayesoma mihtasari yake mwenyewe miezi miwili huona kinachoonekana.

Usambaze ndani ya saa 24.

Vikao vya mtandaoni

Kosa la kawaida: mkutano umefunguliwa kwa akaunti ya bosi. Yeye asipoingia, wote mnabaki kwenye chumba cha kusubiri. Wiki moja kabla, mwombe katibu muhtasi aruhusu washiriki waingie kabla ya mwenyeji, au akuweke wewe kuwa mwenyeji mbadala, anayeweza kuufungua mkutano bosi asipokuwepo. Kama mnatumia Zoom isiyolipiwa, mkutano wa kundi una kikomo cha dakika 40. Dakika 25 za kusubiri zinawaachia 15. Hapo fungueni mkutano saa ya mambo ya bosi, na yatokanayo yamalizwe kwa maandishi.

Kikao cha watu wawili, wewe na bosi

Hapa hakuna wa kuanza naye, kwa hiyo andaa matoleo mawili ya jambo lako: la dakika 30 na la dakika 8. Akichelewa, toa la 8 bila kulalamika. Beba kazi unayoweza kuifanya nje ya mlango wake, na ikipita dakika 20 mwambie katibu muhtasi: "Nipo mezani kwangu, naomba uniite." Kukaa kwenye benchi saa nzima hakuongezi heshima yoyote.

Kikao kinapokula muda wa baada ya kazi

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku, mapumziko ya angalau dakika 60 baada ya saa 5 mfululizo, na malipo ya saa za ziada yasiyopungua mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Masharti hayo hayawagusi wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kama kikao cha saa 9:00 alasiri kinaanza saa 10:00 kila wiki, usilibebe jambo hilo kikaoni kama ugomvi. Peleka kwa ofisa rasilimali watu, pamoja na saa zilizo kwenye mihtasari.

Mambo yakienda kombo

*Ameingia na kusema "anzeni upya".* Anzeni na mambo ya uamuzi, kisha mpe yatokanayo kwa maandishi. Asiporidhika, rudieni siku hiyo bila kubishana. Kesho yake mwombe faragha akuambie ni kipengele gani angependa kisianze bila yeye. Mara nyingi ni kimoja tu.

*Amekasirika kwamba mlianza.* Anayeongoza amkabidhi kikao papo hapo. Ujumbe wa ridhaa usisomwe mbele ya watu. Mkumbushe baadaye mkiwa wawili.

*Wajumbe nao wameanza kuchelewa.* Mmesubiri sana huko nyuma. Anzeni 4:05 hata mkiwa watatu, na anayechelewa taarifa yake isogezwe mwisho.

*Anamtuma kaimu asiye na mamlaka.* Kabla ya kikao muulize katibu muhtasi: "Anayekaimu leo anaweza kuidhinisha?" Kama hawezi, yasomwe ya taarifa tu.

*Kanuni zinamtaka yeye ili akidi itimie.* Hapo usianze kikao rasmi. Fanyeni mazungumzo ya maandalizi, msipitishe lolote, na mwandike hivyo. Uamuzi uliopitishwa bila akidi unaweza kupingwa na kila kitu kikarudiwa.

*Wageni wa nje wamekaa wanasubiri.* Baada ya dakika 10 mwenye cheo cha pili aingie, awaombe radhi mara moja, na aanze utambulisho na mada yao. Usiwaambie "yupo njiani" kama hujui. Waambie saa mliyopewa na katibu muhtasi, au waulize kama wanaweza kusubiri mpaka saa fulani iliyotajwa.

*Wiki 6 zimepita na hakuna kilichobadilika.* Punguza kinachomtegemea. Kikao cha kila wiki kiwe mara mbili kwa mwezi, na uamuzi upite kwenye jalada: dokezo la ukurasa mmoja, chaguo mbili zilizohesabiwa gharama, pendekezo lako, mstari wa saini, na tarehe ambayo jibu linahitajika. Lipitishe kwa katibu muhtasi saa ile aliyokuambia bosi husoma, na siku ya pili asubuhi ulifuatilie kwa katibu muhtasi huyo huyo.